Mita Isipolia

Mara nyingi tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, fikra zetu hukimbilia ngoma, mavazi, methali na hadithi za wazee. Hayo yote ni kweli, na mtu anayeyadharau hujidharau mwenyewe. Lakini utamaduni ni pia namna watu wanavyofanya kazi, namna wanavyotengeneza kilichoharibika, na zaidi ya yote namna wanavyoamua kwamba kitu hiki kina thamani na kile hakina. Katika insha hii nataka kueleza jinsi kibodi ya kompyuta mbovu, iliyokuwa imekwisha kuhesabiwa miongoni mwa takataka, ilivyonifundisha jambo juu ya uamuzi wa namna hiyo. Sikufundishwa na kitabu, wala na mkuu wangu wa kazi. Nilifundishwa na mpwa wangu, kijana ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kumtia katika fungu lilo hilo la takataka.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na saa za usiku ni mtunga mashairi. Kwetu ni Tarime, katika nyanda za juu zenye migomba na kahawa, lakini kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, ng'ambo ya Mto Mara. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1989, nami sikuendelea zaidi ya hapo. Nilipoajiriwa mwaka 1993 ofisi yetu ilikuwa na mashine mbili za kupiga chapa, na juu ya moja ya mashine hizo ndipo nilipochapa shairi langu la kwanza, kwa siri, wakati wa chakula cha mchana. Mashine ile haikumficha mtu kitu. Ulipobonyeza herufi, mkono wa chuma uliinuka mbele ya macho yako, ukapiga utepe wa wino, na herufi ikabaki juu ya karatasi. Mkono ulipokwama, ulipaona ulipokwama, ukaurudisha kwa kidole.

Mpangilio wa herufi katika mashine zile, unaoanza na Q, W, E, R, T na Y, ulitokana na mashine ya Christopher Latham Sholes na wenzake wa Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1874. Mpangilio huo ungalimo hata leo katika kompyuta na katika simu za mkononi. Lakini mpangilio ndio uliobaki. Mikono ya chuma imetoweka. Chini ya vibonye vya kompyuta ya mpakato jicho halioni kitu kinachokwenda wala kinachorudi. Wataalamu wa lugha wametupatia maneno baobonye na kicharazio kwa chombo hicho, nayo ni maneno mazuri. Lakini mafundi wa Tarime husema kibodi, nami hapa nitasema kama wao, kwa kuwa wao ndio walionifunulia mambo yake.

Mwaka 2023 nilikuwa nikiandika katika kompyuta yangu ya mpakato nyimbo za mzee mmoja wa Tarime, mpigaji wa litungu. Litungu, kwa wasiolijua, ni ala kubwa ya Wakuria, yenye nyuzi nane zilizokazwa juu ya mzinga uliowambwa ngozi. Mzee huyo alikuwa mgonjwa, na nyimbo zake hazikuwa zimeandikwa popote isipokuwa katika madaftari yangu. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda kwake, nikamsomea nilichokiandika, naye akasahihisha. Usiku mmoja nikamwaga chai ya moto juu ya kompyuta hiyo. Ikazimika, isiwake tena. Fundi aliifungua, akaitazama, akasema bodi kuu, ambayo wao huiita mazabodi, imekufa. Maandishi yangu yaliokolewa, kwa kuwa diski haikudhurika. Mashine yenyewe ikawa ya kutupwa.

Mpwa wangu alikuwapo siku hiyo. Alikuwa amefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka uliotangulia, na matokeo yake yalikuwa daraja la sifuri. Tangu hapo alikuwa akishinda katika kibanda cha fundi wa simu mjini Tarime, bila ujira, akitazama na kushika hiki na kile. Baba yake alitaka kuuza ng'ombe wawili ili ampeleke chuo cha ufundi stadi. Ndugu za baba yake wakakataa, wakasema ng'ombe hauzwi kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kushindwa. Ikakubaliwa kwamba kikao cha familia kikae mwezi Desemba, na kwamba mimi, mjomba mwenye kazi ya ofisi, nitoe shauri. Hapa sina budi kusema kweli: shauri langu nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa nitasema ng'ombe wasiuzwe, na kijana aende Nyamongo akatafute kibarua katika mambo ya dhahabu, kama walivyofanya wenzake wengi.

"Mjomba, naomba hiyo kibodi," akaniambia.

"Ya nini? Kibodi mpya dukani haizidi sana bei ya jogoo."

"Ya dukani nitaitumia, Mjomba. Hii nitaijua."

Nilimpa, si kwa sababu nilimwelewa, bali kwa sababu nilikuwa sina haja nayo. Hata hivyo nilikuwa na kompyuta ya zamani ya mezani nyumbani, ambayo kibodi yake ilikuwa imekufa kwa vumbi la Mugumu, na nilimwambia kwa mzaha kwamba akiifufua hiyo ya chai, basi aiunganishe na mashine yangu. Yeye hakuchukua maneno yangu kuwa mzaha.

Hapa ni lazima nieleze ugumu wa kazi aliyoichukua, maana mimi mwenyewe sikuujua. Kibodi ya kompyuta ya mezani ina akili yake ndani: kuna kijidude kinachotambua kibonye kilichobonyezwa na kuipelekea kompyuta namba yake. Kibodi ya kompyuta ya mpakato aghalabu haina akili hiyo. Akili yake imo katika bodi kuu. Na bodi kuu ikifa, kibodi hubaki kama kundi la nyaya zisizo na msemaji. Hii yetu ilikuwa na vibonye 84, lakini utepe wake wa plastiki, ule unaoiunganisha na bodi, ulikuwa na njia 26 tu. Mwanafunzi makini atauliza: vibonye 84 huwezaje kusema kwa njia 26?

Jibu lake ni jibu la darasani. Mwalimu akitaka kumtaja mwanafunzi mmoja bila kumwita jina, anaweza kusema, "Safu ya tatu, dawati la tano." Mambo mawili yanatosha. Ndivyo kibodi ilivyo. Ndani yake kuna karatasi tatu za plastiki. Ile ya juu imechapwa mistari ya wino wenye madini ya fedha, unaopitisha umeme. Ile ya chini imechapwa mistari mingine. Na ile ya kati ina tundu mahali pa kila kibonye, nayo huzitenga hizo mbili zisigusane. Unapobonyeza, kikombe kidogo cha mpira huisukuma karatasi ya juu ipite katika tundu na kuigusa ya chini. Mstari mmoja wa juu umekutana na mstari mmoja wa chini, na makutano hayo ni ya kibonye kimoja tu. Mistari 8 ikipishana na mistari 16 huleta makutano 128, yanayozidi idadi ya vibonye vyote, na njia zinazohitajika ni 24 tu.

Ugumu ni kwamba mtengenezaji hakuandika popote mistari ipi ni ya upande upi, wala kibonye kipi kimekaa katika makutano yapi. Wala jicho halisaidii, kwa sababu vibonye vilivyo majirani juu ya kibodi si lazima viwe majirani katika mistari. Mtu mwenye njia 26 mbele yake ana jozi 325 za kujaribu kwa kila kibonye, asijue ipi ni yenyewe. Lazima aulize.

Chombo cha kuulizia ni kipimo cha umeme, ambacho mafundi hukiita mita. Mita ina ncha mbili. Ukiiweka katika alama ya mlio, ukagusisha ncha zake kwenye waya mzima, hulia. Waya ukiwa umekatika, hukaa kimya. Jioni ya kwanza tulikaa chini ya taa nyumbani kwa dada yangu. Kijana alishika ncha za mita; mimi nikapewa kazi ya kubonyeza na kuandika. Kwa miaka thelathini nimekuwa afisa ninayewaambia makarani waandike nini, na usiku ule nikawa karani wa mtoto aliyepata sifuri. Nikachora jedwali katika daftari, tukaanza na herufi A. Njia ya kwanza na ya pili: kimya. Ya kwanza na ya tatu: kimya. Tuliendelea hivyo kwa saa mbili, tukahamia herufi nyingine na nyingine tena. Mita haikulia hata mara moja.

"Nilikuambia," nilisema nikifunga daftari. "Chai imeiua. Kitu kilichokufa hakijibu."

Hakunijibu. Siku ya pili alikuwa kibandani kwake, nami sikumwuliza kitu. Siku ya tatu alikuja mapema, akaizungusha swichi ya mita kutoka alama ya mlio hadi alama ya omu, yaani alama ya kupimia ukinzani wa umeme. Akaniomba nibonyeze A. Ncha zikapita juu ya njia moja moja, na ghafla namba zikaruka katika kioo cha mita, zikatulia karibu na 90. Nikainua kidole, namba zikatoweka. Nikabonyeza, zikarudi.

Alinieleza kwa upole, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mkubwa wake. Mita ile hulia tu pale ukinzani unapokuwa mdogo sana, kama ulivyo katika waya mnene wa shaba. Lakini mistari ya kibodi si waya wa shaba. Ni wino mwembamba uliochapwa juu ya plastiki, nao huukinza umeme kwa kiasi fulani hata ukiwa mzima kabisa. Kwa hiyo kibodi ilikuwa imejibu tangu jioni ya kwanza. Ilijibu kwa sauti ambayo mita yetu, jinsi tulivyoiweka, haikuwa na uwezo wa kuisikia. Na mimi nikaandika "kimya" katika daftari, nikadhani nimeandika habari za kibodi, kumbe nimeandika habari za mita.

Ndugu msomaji, nilikaa na neno hilo usiku kucha.

Tangu hapo kazi ilikwenda kwa utaratibu. Kijana alikuwa amekwisha kugundua kanuni iliyotuokoa katika kujaribu jozi zote, naye aliieleza kwa mfano ambao kila mtu wa kwetu angeuelewa: watu wa mlango mmoja hawaoani. Mistari ya upande mmoja haikutani kamwe kwa kibonye. Hukutana na ya upande wa pili tu. Basi ikiwa njia ya 3 imepatikana ikikutana na ya 12, na njia ya 7 nayo imekutana na ya 12, hapana haja ya kuijaribu ya 3 na ya 7, maana hizo ni ndugu. Kwa kanuni hiyo tulizigawa njia kidogo kidogo katika milango miwili. Baada ya jioni nne jedwali likajionyesha lenyewe: mlango mmoja wenye njia 8, na mwingine wenye njia 16. Njia mbili zilizosalia hazikuwa za kibonye chochote, bali za taa ndogo inayowaka unapofungia herufi kubwa. Nilipomsimulia yule mzee wa litungu kwamba tumekuta mistari minane, alicheka sana, akasema hata Wazungu wamejua kwamba nane zinatosha.

Jedwali lilipojaa lilianza kusema mambo ambayo hatukuyauliza. La kwanza lilihusu vibonye vinavyotumika pamoja na vingine, kama Shift na Ctrl. Tuliona kwamba vimewekwa katika mistari ya peke yake, isiyokuwa na herufi. Kwa nini mtengenezaji apoteze nafasi namna hiyo? Sababu tuliijua baadaye, tulipobonyeza herufi tatu kwa pamoja na ya nne, ambayo hapana aliyeigusa, ikatokea. Vibonye vitatu vikikaa katika pembe tatu za mstatili mmoja wa mistari, umeme hupata njia ya kuzunguka, na pembe ya nne huonekana kana kwamba nayo imebonyezwa. Dawa kamili ni kuweka diodi katika kila kibonye, kwa kuwa diodi huruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Lakini hiyo huongeza gharama. Kwa hiyo mtengenezaji wa kibodi ya bei nafuu huvipa vibonye vya kushirikiana mistari yao wenyewe, ili herufi kubwa isizae herufi ya uongo. Hapo nilifahamu kwamba mchoro ambao hukuchora unaweza kukufunulia nia ya aliyeuchora, kama vile beti za mtunzi aliyekufa zinavyoweza kukufunulia alichokuwa anakwepa kusema.

La pili lilihusu chai yangu. Vibonye vitatu havikutoa namba yoyote, hata katika alama ya omu. Tulipovitafuta katika jedwali kwa kulinganisha na majirani zao, tuliona kwamba nafasi tatu zilizobaki wazi zote zilikuwa za mstari mmoja, na kwamba vibonye vingine vya mstari huo, vile vilivyo karibu zaidi na utepe, vilikuwa vizima. Basi mstari ulikuwa umekatika baada ya kibonye cha mwisho kilicho kizima. Tulifungua, tukakuta doa la chai mahali hapo hapo na wino umeliwa. Sijapata kuona kosa langu likionyeshwa kwa usahihi namna ile.

Ilibaki kuipa kibodi akili mpya. Kijana aliagiza kutoka Dar es Salaam kidude kiitwacho Raspberry Pi Pico, kilichotolewa mwaka 2021, chenye milango 26 ya kupokea na kutoa umeme. Nasi tulihitaji 24. Hakuthubutu kulehemu nyaya juu ya utepe wenyewe, kwa sababu plastiki ingeyeyuka kwa joto. Alikata ile soketi ya utepe kutoka katika bodi iliyokufa, akalehemu nyaya nyembamba kwenye miguu ya soketi. Kidude hicho hufanya kazi ile ile tuliyoifanya mimi na yeye, isipokuwa hakichoki. Huuita mstari mmoja kati ya ile 16, husikiliza ile 8, huuita wa pili, husikiliza tena, na huumaliza mzunguko mzima mamia ya mara kwa sekunde moja. Mwanzoni nilibonyeza A mara moja, zikatokea tatu. Mistari miwili inapogusana hudundadunda kidogo kabla ya kutulia, nacho kidude kilihesabu kila mdundo. Kijana akakifundisha kusubiri elfu chache za sekunde kabla ya kuamini alichokisikia. Nilitamani wakubwa wengi, nikiwamo mimi, wafundishwe hivyo.

Vile vibonye vitatu vilivyokufa vilipewa warithi: kazi zake zilihamishiwa kwenye vibonye vya pembeni visivyotumika mara kwa mara. Kisha nikaomba jambo ambalo nilikuwa nimelitamani kwa miaka mingi. Kiswahili kina irabu tano, na kibodi ina herufi zake zote. Kikuria kina irabu saba. Katika kuandika nyimbo za mzee nilikuwa nikizilazimisha irabu saba zikae katika viti vitano, na nilipomsomea, mara kwa mara alinikatiza kusema hilo silo neno alilolitamka. Mpwa wangu akanieleza kwamba kibodi haipeleki herufi, bali namba. Kompyuta ndiyo inayoigeuza namba kuwa herufi. Basi akavipa vibonye viwili namba zisizo na kazi, na katika mashine yangu akaweka mpangilio unaozipa namba hizo zile irabu mbili zilizokosa kiti. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyosema Kiswahili, na nakumbuka fahari niliyoipata niliposikia habari hiyo. Fahari ya usiku ule ilikuwa ndogo kuliko hiyo kwa kiasi, lakini ilikuwa ya aina moja. Mwezi uliofuata nilimsomea mzee wimbo mzima, naye hakunikatiza.

Kikao cha familia kilikaa Desemba kama ilivyopangwa. Nilikwenda na lile daftari. Niliwaambia wazee kwamba nilikuja Tarime nikiwa na shauri jingine, na nikalitaja shauri hilo, ili wajue nilichokuwa nimekidhani juu ya mtoto wao. Kisha nikafungua ukurasa wa jioni ya kwanza, wenye "kimya" iliyoandikwa kwa mkono wangu kutoka juu hadi chini, na ukurasa wa mwisho, wenye jedwali lililojaa. Nikasema kibodi ni ile ile. Kilichobadilika ni alama ya mita. Mtihani wa kidato cha nne ni mita, tena mita muhimu, na wala siwaambii wanafunzi waudharau. Lakini ni mita iliyowekwa katika alama moja. Ilipofika kwa kijana huyu haikulia, nasi wote tukaandika kwamba amekufa.

Nisidai kwamba wazee wote waliridhika. Baba yake mkubwa aliuliza kama jedwali hilo lina maziwa. Mwishowe ilikubaliwa auzwe ng'ombe mmoja, si wawili, na nusu ya ada iliyosalia niilipe mimi katika mshahara wangu. Nami niliona hiyo ni faini ya haki. Mwezi Januari mwaka 2024 kijana aliingia chuoni kujifunza elektroniki.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama katika mkoa huu wetu, aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akalaumu elimu inayomfanya msomi aone kwamba maarifa yote yamo vitabuni na kwa watu waliokwenda shule. Nilifundishwa maneno hayo nikiwa mwanafunzi, nikayajibia mtihani, nikapata alama nzuri. Ilinipasa kufika umri wa kukaribia kustaafu ndipo niyaelewe, tena kwa kushika kalamu huku mwingine ameshika ncha za mita.

Kwa kuwa mtunzi hawezi kulipa deni kwa fedha tu, nilimwandikia mpwa wangu ubeti huu, naye ameubandika ndani ya jalada la daftari lile:

Uzi huu na mwingine, niliuliza kwa zamu,
Hata kimya nikione, nacho hutiwa kalamu,
Mwisho jozi zikutane, nijue lililo gumu,
Subira na ishikane, na mkono, ni elimu.

Walimu wenzangu, nawaita hivyo kwa kuwa kila mtu mzima ni mwalimu wa mtu, katika madarasa yenu kutoka Sirari hadi Mugumu na kote nchini wamo vijana ambao mita zetu hazikulia zilipowagusa. Nanyi wanafunzi, mnapokutana na kitu kisichojibu, msikitupe haraka, wala msione aibu kuandika "hapana" katika daftari, maana jedwali halijai kwa majibu ya "ndiyo" peke yake. Lakini kabla ya kuandika "hapana" mbele ya jina la kitu, na hasa mbele ya jina la mtu, tazameni kwanza swichi ya mita yenu imeelekea wapi.